Bahasha Namba Tatu

Siku ya kufungua bahasha, Sijaona alipiga deki chumba cha kikao cha ofisi ya jiji mara mbili, ingawa mara moja ilitosha. Alitaka kuwa karibu na lile sanduku la mbao lenye kufuli. Ndani yake mlikuwa na bahasha nne za watu wanne waliotaka kuwa mshauri wa fedha wa jiji, na moja kati ya hizo aliijua kama anavyoijua kanga yake.

Ilikuwa ya Rachidi, kaka mkubwa wa marehemu baba yake, aliyemlea pale Buyenzi, mtaa wa Waislamu, tangu akiwa na miaka saba. Rachidi alikuwa mhasibu wa kiwanda cha sabuni miaka ishirini na miwili, mpaka vita vikakifunga kiwanda. Siku tangazo lilipobandikwa langoni, kwamba jiji linatafuta mtu wa nje, asiye mfanyakazi wake, wa kulionyesha njia ya kufufua mapato ya masoko, Sijaona ndiye aliyelinakili akampelekea. Mzee akasoma, akavua miwani, akasema Mungu amemkumbuka Khadidja.

Khadidja ni bintiye. Nyumba yake ya Kamenge ilipoungua, alivuka mpaka na watoto watatu, na huu ulikuwa mwaka wa sita yuko kambini, upande wa Kigoma. Kila alipoandika kuuliza arudi lini, jibu lilikuwa moja: subiri, mwanangu, nikipata pa kuwalaza. Maana Rachidi alikuwa na chumba kimoja tu, na pazia katikati. Kazi ya jiji ingempa nyumba ya kupanga.

Basi mzee alizunguka masoko yote kwa miguu, majuma mawili, akiuliza meza ipi bado ina mtu na ipi imebaki majivu. Rafiki yake akampigia taipu. Anwani ya jiji juu ya bahasha ndiyo iliyomshinda, kwa sababu mkono wake wa kulia ulivunjwa kwenye kizuizi cha barabarani na tangu hapo unatetemeka. Akampa Sijaona aandike. Mwandiko wa darasa la sita, lakini umenyooka.

Saa nne kamili kamati iliketi. Sylvère, mwenyekiti, alisoma masharti kwa sauti. Kwanza utaalamu upewe alama, kisha bei, na majina yafunguliwe mwisho kabisa. Bahasha ya nje isiwe na jina wala alama yoyote ya kumtambulisha mwenyewe. Sharti hilo waliliweka kwa nia njema. Siku hizo jina tu lilitosha kumwonyesha mtu kabila lake na mtaa wake, na watu walikuwa wamechoka kupimwa hivyo.

Gélase, katibu, alitoa ya kwanza, ya pili. Kwenye ya tatu akasita.

Juu kabisa, kwa herufi za Kiarabu, paliandikwa Bismillahi.

Sijaona aliiona kutoka mlangoni, na sinia la chai likamlemea mikononi. Hakukumbuka kuiandika. Ila aliandika, maana hakuwahi kuanza karatasi bila hiyo. Rachidi mwenyewe ndiye aliyemfundisha, kabla hata hajajua kusoma jina lake.

"Huyu ametubandikia muhuri wa musikiti," alisema Gélase.

"Ni dua tu," alisema Epiphanie, mama wa idara ya mapato. "Mi naandikaka musalaba juu ya daftari yangu. Tufungue, Sylvère."

Sylvère aliigeuza bahasha, akaigeuza tena.

"Ningefungua, mama. Lakini tukimuchagua, watasema tulijua ni mutu wa Buyenzi. Tukimukatala, watasema ni sababu ni wa Buyenzi. Apana. Iwekwe kando."

Sijaona alisogea mezani. Aseme kwamba mkono ulioandika ni wake, si wa mzee? Akisema, ametaja jina, na jina ndilo lililokatazwa. Akinyamaza, bahasha imekufa. Sylvère akainua macho, akamuuliza kulikoni.

"Chai inapoa," alisema Sijaona.

Walizipima tatu zilizobaki mpaka adhuhuri. Iliyoshinda ilihesabu meza za masoko kwa orodha ya kabla ya vita. Sijaona, akikusanya vikombe, alijua kutoka kinywani mwa mzee kwamba nusu ya meza hizo hazipo. Hakuna aliyemuuliza.

Mwishoni Sylvère alimwita. Sharti linataka bahasha irudi bila kufunguliwa, na mwenyewe hawamjui. "We ni wa Buyenzi. Uulize musikitini."

Rachidi alikuwa ametoka kuswali alasiri, amekaa kizingitini. Sijaona alipiga magoti, akampa kwa mikono miwili.

"Ni mimi, baba mukubwa. Mukono uliandika peke yake."

Mzee hakuifungua. Alipitisha kidole juu ya yale maandishi.

"Niliiona njiani, siku ya kuipeleka," alisema. "Nikasimama hapo kwa magereji, nataka kununua bahasha ingine. Halafu nikajiuliza, mi ndiye nilimufundisha huyu mutoto. Leo nitamuambia jina la Mungu lifichwe?" Akacheka kidogo, cheko lisilofika machoni. "Nikasema litapita."

Ng'ambo ya barabara fundi aliwasha gari, likakohoa, likazima. Rachidi akaingia ndani, akaiweka bahasha chini ya godoro, upande wake wa pazia, akarudi na karatasi ya mistari.

"Kesho kuna mutu anasafiri Kigoma. Tumuandikie dada yako."

Sijaona aliweka karatasi juu ya paja. Kalamu ilifika pembeni, juu, ikasimama. Mzee alimngoja. Hakumwambia aandike wala aache. Alitazama barabara tu, mkono wake wa kulia ukitetemeka juu ya goti.

Mwishowe Sijaona aliandika Bismillahi, mahali pake pa siku zote. Na chini yake, kabla mzee hajafungua mdomo kumtajia, akaandika: Dada Khadidja, subiri.