Namba ya Kupigiwa

Fundi Baridi hakuwahi kupeleka kitu chake kwa fundi mwingine. Alilisema hilo hadharani, na mtaa mzima ulilijua. Mafriji yaliyokata roho, feni zilizogoma, pasi, redio, hata kiti cha magurudumu cha yule mzee wa kona, vyote vilipita mikononi mwake vikarudi kwa wenyewe vikiwa vizima. Jina alilipata kwa sababu ya mafriji, ingawa watani wake walidai ni kwa sababu damu yake haichemki. Sasa alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda, ameshika saa ndogo nyeusi. Aliigeuza, akaigeuza tena, akitafuta pa kuingizia bisibisi. Hapakuwa na skrubu hata moja. Alijiona ametukanwa.

Saa ilikuwa ya mkewe. Ilitumwa na binti yao, mtoto wao wa pekee, aliyekuwa akifanya kazi mbali na nyumbani na kuishi kwa wasiwasi tangu mama yake aanze kuanguka. Moyo wa mama, kwa maneno ya daktari, ulikuwa unapoteza hesabu. Ukipoteza hesabu, damu inachelewa kufika kichwani, na mtu anakwenda chini bila kuaga. Dawa alikuwa anazinywa, lakini daktari hakuahidi kitu.

Mara ya kwanza alianguka jikoni, kati ya jiko na mlango, mguu ukajikunja chini yake akashindwa kuinuka. Fundi Baridi wakati huo alikuwa amelala kifudifudi nyuma ya friji la bucha, tochi mdomoni, anatafuta tundu linalovujisha gesi. Mkewe aliita mpaka sauti ikamkauka. Aliyemsikia hatimaye ni jirani yao, Mama Pacha, alipotoka kuanika nguo. Na jioni ile, mguu ukiwa umefungwa bandeji, mke alimwambia mumewe maneno ambayo yeye hakuyasahau.

"Kufa siogopi, sote tutakufa. Naogopa kulala pale chini naita, na hakuna anayekuja. Usiniache hivyo tena, baba."

Fundi akaapa. Kuapa ni rahisi, mdomo hauchoki. Lakini friji la bucha haliji nyumbani kutengenezwa. Fundi ndiye anayelifuata, na wao walikula kwa kazi hiyo. Ndiyo maana ile saa ilipofika aliipokea kama mtu aliyetuliwa mzigo. Ukiivaa ukaanguka, binti alieleza, yenyewe inajua umeanguka, inaiambia simu, na simu inampigia mtu wako.

Kazi ilikuwa kuifanya saa na simu zijuane. Katika nyumba ile simu janja ilikuwa moja tu, ya fundi. Mkewe alikuwa na kitochi, kile kisimu kidogo cha vitufe chenye taa kichwani, na hakutaka kingine. Basi fundi akaweka programu kwenye simu yake kama alivyoelekezwa, akawasha blututhi, akavilaza vile vitu viwili ubavu kwa ubavu juu ya shuka. Simu ikatafuta, ikaiona saa. Namba ikatokea huku, namba ileile ikatokea kule, na kila upande ukataka kukubaliwa. Fundi alikubali upande wa simu, akapapasa miwani ili asome upande wa saa, na alipoipata miwani saa ilikuwa imeshakata tamaa. Haikuweza kuunganishwa, jaribu tena. Akajaribu tena. Akazima, akawasha, akafuta kila kitu akaanza upya, akasogeza kitanda akidhani chuma chake kinazuia. Mkewe, aliyekuwa akikunja nguo, alishindwa kujizuia.

"Hata mimi nilikubali haraka kuliko huyo," alisema.

Walicheka wote wawili. Ndipo mke akaja akaweka kidole chake kwenye saa na mume chake kwenye simu, wakabonyeza pamoja, na alama ya kijani ikawaka. Programu ikaanza maswali yake. Jina, umri, uzito; kwenye uzito mke akamwonya mumewe asije akatangaza siri za watu. Mwisho ikauliza ni nani apigiwe wakati wa dharura. Fundi hakufikiri mara mbili. Ni nani mwingine? Aliandika namba yake mwenyewe, ile anayoijua kwa moyo, na kwenye nafasi ya jina mke akamwambia aandike Mume, ili saa isije ikakosea mtu. Wakaijaribu. Mke akajitupa kwenye godoro, kwa aibu kidogo na kicheko kingi, na simu mkononi mwa fundi ikapiga king'ora ambacho kingeamsha mji. Aliizima kabla haijaendelea, ameridhika.

Asubuhi iliyofuata akaenda kazini na simu yake mfukoni, anatembea kifua mbele. Hakufika hata mwisho wa mtaa. Simu ikalia kidogo, akaitoa: saa imekatika. Akarudi mbio, moyo mkononi. Mkewe alikuwa anamenya viazi, akamuuliza amesahau nini. Na palepale mlangoni alama ya kijani ikarudi. Akatoka, ikakatika. Akarudi, ikarudi. Mama Pacha, aliyekuwa kwenye uzio wake, aliuliza kwa upole kama jirani ameanza mazoezi.

Siku kadhaa zilipotea hivyo. Fundi Baridi alilaumu betri, akalaumu mtandao, akalaumu bati la paa. Aliondoa saa kwenye simu akaiunganisha upya mpaka vidole vikajifunza njia. Aliingia kwenye mipangilio na kuiruhusu ile programu kila ilichoomba, hata kisichoeleweka. Kwenye friji unafuata waya: umeme umefika hapa, haujafika pale, basi ugonjwa uko katikati. Hapa katikati palikuwa na hewa tupu. Mganga hajigangi, watu husema, na yeye kila alipolikumbuka neno hilo alikasirika zaidi, akaizima tena simu na kuiwasha.

Hatimaye alimeza kiburi akampigia binti. Binti alikuwa kazini, anaongea kwa haraka na kwa sauti ya chini. Alisema, baba, hiyo saa haiongei na wewe, inaongea na simu, na haiwezi kuongea nayo zaidi ya ukuta mmoja au miwili. Simu ikiondoka nyumbani, mama anabaki na bangili tu. Alikuwa amedhani mama ameshanunua simu kubwa. Hakujua kwamba bado ana kitochi. Akaahidi kumtumia mama simu kubwa atakapoweza, wavumilie kidogo. Halafu mtu akamwita huko kazini, akakata.

Fundi akavumilia kwa kukaa nyumbani. Alimfuata mkewe jikoni, akamfuata uani, akasimama nje ya mlango wa bafu akikohoa. Wateja wakaanza kuwaita mafundi wengine. Mke alivumilia pia, mpaka siku aliyoamka kutoka usingizini mchana akamkuta mumewe amemwinamia usoni, anasikiliza kama anahema. Akamwambia atafute shati la kazi avae aende, kwa sababu moyo unamuua polepole lakini mume atamuua leo.

Akiwa anafunga vifungo vya lile shati ndipo lilipomjia. Kama simu haiwezi kuondoka, basi isiondoke. Aiache mezani kwa mkewe, na yeye abebe kitochi. Saa itakuwa karibu na simu, na yeye anapatikana. Ilikuwa rahisi mno, akajishangaa. Mkewe alipouliza kama wabadilishane laini pia, alikataa katakata. Kila fundi ana sheria zake, na ya kwake ilikuwa moja: mashine ikishakubali kuwaka, usiiguse. Ni mafriji mangapi ameyaona yakifa kwa sababu mtu aliyafungua tena kuongeza kitu kidogo? Alama ya kijani ilikuwa inawaka. Aliiacha simu na laini yake, na programu yake, na kila neno kama lilivyoandikwa. Hakumwambia binti; alitaka binti akija likizo akute baba yake bado ni fundi.

Mambo yakatulia kabisa. Wateja waliopiga namba yake walimpata mkewe, naye aliwapa namba ya kitochi na kuwatania kwamba yeye sasa ni katibu. Fundi alirudi kwenye kazi zake. Kitochi kilikaa kimya kwenye mfuko wa kifuani, na kimya kile alikipenda, maana kimya kilikuwa na maana moja tu.

Siku yenyewe aliitwa kwenye duka la maziwa. Mota ya feni ilikuwa imekufa, akaibadilisha, akasafisha koili, akajaza gesi, akasubiri aone barafu ikishika. Ikashika. Mwenye duka alifurahi akamfungulia soda, wakakaa kwenye makreti wakiongea juu ya watoto wa siku hizi. Mara moja alikitoa kitochi, akakitazama, akakirudisha. Hakuna aliyempigia. Alimaliza soda yake bila haraka, akaaga, akatembea kurudi nyumbani na begi la vifaa begani, na njiani akasimama kumsalimia mzee wa kona.

King'ora alikisikia akiwa bado nje ya uzio.

Mkewe alikuwa chini chumbani, kati ya kitanda na mlango, amelala ubavu. Macho yalikuwa wazi. Midomo ilikuwa mikavu na uso umepoteza rangi, na fundi alipotaka kumwinua, mkewe alipiga ukelele akimzuia, kwamba nyonga, nyonga. Mezani simu ilikuwa imechomekwa chaji, inatetemeka na kulia. Fundi aliichukua. Kiooni pameandikwa kwamba mtu ameanguka, kwamba simu inampigia Mume. Chini yake palikuwa na namba. Aliisoma mara ya kwanza kama mtu anayesoma jina lake ukutani, bila kuelewa linafanya nini pale. Kisha akaelewa. Namba inatumika, ilisema simu. Inajaribu tena. Ilikuwa inajipigia yenyewe. Akashuka kwa kidole kwenye orodha ya simu zilizopigwa, akashuka, akashuka, na orodha haikufika mwisho.

Hakuna kilichokuwa kimeharibika. Saa ilifanya kazi yake, simu ikafanya yake, na alama ya kijani ilikuwa bado inawaka.

Akaizima. Akatoka akamwita Mama Pacha, naye akaja mbio na mikono ya unga, akashika kichwa. Alisema yeye mlio ule ameusikia tangu mchana, ila nyumba ya fundi haikosi milio, akajua jirani anajaribu vitu vyake. Akatoka tena kutafuta gari, analia njia nzima.

Fundi Baridi akakaa sakafuni. Hakuthubutu kumgusa mkewe penye maumivu, kwa hiyo akamshika mkono wenye saa, maana ndio uliokuwa karibu. Akamuuliza, kwa sauti ambayo hakuitambua, kama alikuwa ameita.

"Sikuita," mkewe alisema. Aliongea polepole, akipumzika kati ya maneno. "Mama Pacha alipita hapo dirishani. Alipita, akarudi. Nilimsikia anaimba. Nikasema nisimsumbue mwenzangu na wanawe. Saa ilikuwa imeshaandika kwamba inakupigia."

Fundi akaitazama ile saa.

"Mara ya kwanza ile niliogopa sana," mkewe akaendelea. "Leo sikuogopa. Maumivu yapo, lakini nilijua unajua. Nilikuwa najiambia, sasa ameshatoka dukani. Sasa yuko barabarani. Muda ulikuwa mrefu, nikasema labda hajapata usafiri."

Nje gari lilisikika likisimama, milango ikafunguka, Mama Pacha akawa anamwelekeza dereva kwa sauti kubwa arudi nyuma, alete mgongo wa gari mlangoni. Fundi alifungua mdomo. Neno lilikuwa moja tu na lilikuwa fupi, kwamba hakupigiwa. Alimtazama mkewe usoni, akaona utulivu ule, akajua kwamba hicho ndicho kitu pekee alichokuwa nacho kwa mchana wote ule, na kwamba atakapopona, kama atapona, atalala tena peke yake katika nyumba hii akikitegemea. Akisema, anamnyang'anya. Asiposema, anamwacha nacho. Hapakuwa na pa kuingizia bisibisi.

"Ulikuwa mbali?" mkewe aliuliza.

"Mbali," alisema.

Mkewe akamfinya kidole, kwa nguvu kidogo aliyokuwa nayo.

"Pole kwa kukimbia, baba."

Fundi Baridi akasema asante.