Nimechomoa

Kabla hujaniambia pole, nikuambie kabisa: sitaki. Nimepewa pole mpaka zimenikinai. Watu wanaingia saluni kwangu, wanaketi, wanauona mkono wangu wa kulia uliobaki na gumba, cha pete na cha mwisho, wanakimbiza macho kwenye kioo, halafu sauti inashuka. "Pole, dada. Ndiyo mipango ya Mungu." Mipango ya Mungu! Mungu anahusikaje na mashine ya kukatia nyasi?

Mimi ni msusi. Niseme nilikuwa msusi. Siku hizi ni mwenye saluni, yaani kazi yangu ni kukaa kwenye stuli na kukosoa wasichana wanaosuka. Kusuka, kama hujui, kuko kwenye vidole vitatu: gumba, cha shahada na cha kati. Hivyo ndivyo vinavyogawa nywele, vinavuta, vinakaza. Vingine vinasindikiza tu. Mimi nimebakiziwa gumba na wasindikizaji.

Mume wangu mtaa mzima unamwita Meneja. Hajawahi kuwa meneja hata siku moja. Alikuwa msaidizi wa meneja wa ghala, ghala likafungwa, akapewa kiinua mgongo na mkono wa kwaheri, jina akaondoka nalo. Hicho kiinua mgongo, badala ya kufikiria maisha, akakinunulia mashine ya kukatia nyasi. Ya umeme! Kwa uwanja gani, jamani? Uwanja wetu ukitandika mikeka michache umekwisha. Fyekeo lingetosha na kubaki. Lakini alitaka kitu cha kunguruma, majirani wasikie kwamba Meneja bado yupo.

Ilikuja na kijitabu cha picha. Picha ya viatu vya kufunika vidole. Picha ya nyasi zenye maji, imepigwa alama ya kosa. Picha ya mtu ametupia waya begani ili kisu kisiukate. Na picha kubwa kuliko zote: kwanza plagi inachomolewa ukutani, ndipo mkono unasogea kwenye kisu. Mtoto wa chekechea angeelewa. Meneja alikikunja mara mbili akakiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza.

Kwenye mpini kulikuwa na chuma cha kubana. Ukikibana, kisu kinazunguka. Ukikiachia, kinasimama. Kimewekwa hivyo makusudi, ili ukiteleza ukaanguka, mashine nayo izime. Meneja akasema kinamchosha kiganja. Akakata ukanda wa mpira wa baiskeli, akakifunga kile chuma kwenye mpini, fundo juu ya fundo. Waya ulipomfikisha katikati ya uwanja tu, akaunga mwingine, akauzungushia selotepu nyeusi, akaupitisha dirishani mpaka kwenye soketi ya sebuleni, nyuma ya kabati la televisheni. Kwa hiyo ile mashine ilibaki na njia moja tu ya kuizima, nayo ni plagi.

"Mume wangu, toa huo mpira," nilimwambia. "Iko siku utatuumiza."

Akanipandisha na kunishusha kwa macho. "Wewe shughulika na nywele."

Ukweli ni kwamba nywele ndizo zilizokuwa zinamlisha, na hilo lilimuuma kuliko njaa yenyewe. Nikirudi na mfuko wa vyakula anauliza, "Mwenye nyumba kafika?" Nikimwomba anisogezee kiti, "Ndiyo, bosi." Mwanzoni tulicheka wote wawili. Baadaye nikawa nacheka peke yangu ili yaishe. Mwisho hakukuwa na wa kucheka.

Jumamosi yenyewe, mama yake alikuwa anakuja kututembelea. Mimi nilikuwa na bibi harusi ananisubiri saluni, kichwa kizima, ndoa kesho yake. Nimeshajifunga kitambaa, mkoba uko begani, Meneja ananizuia mlangoni.

"Nyasi je?"

"Si unakata wewe?"

"Mgongo unaniuma. Tena wewe ndiye mwenye nyumba. Mwenye nyumba akate nyasi, mama asije akaona pori."

"Nyasi zimelowa, mvua imenyesha alfajiri. Na nina bibi harusi."

"Mikono ya dhahabu hiyo," akasema, akitabasamu. "Nyasi na nywele zina tofauti gani?"

Ningeondoka. Najua, usinitazame hivyo. Lakini nilipiga hesabu ya mwanamke yeyote aliyewahi kuolewa: nikiondoka, nitarudi nikute mama mtu na mwana mtu wamekaa wananisubiri, na hiyo kesi itadumu mwezi. Nikikata, ni dakika chache. Nikaweka mkoba chini nikakata nyasi za watu, na kandambili miguuni.

Mashine ikaanza kukoroma. Nyasi mbichi zilikuwa zinajisokota kule chini, inasonga kidogo inakwama, inasonga inakwama. Halafu ikazima. Si yenyewe tu. Redio ya jirani ilizima, na friji yetu ikajitingisha ikanyamaza. Umeme umekatika.

Meneja akatokea barazani. "Bahati yako hiyo. Isafishe sasa hivi kabla haujarudi."

Hapo ndipo utajua mimi si mjinga. Saluni kwangu umeme ukikatika, hata kabla hatujaulaani, tunachomoa kila kitu: dryer, pasi za nywele, feni. Maana umeme ukirudi haupigi hodi. Msichana mgeni nikimwajiri, hilo ndilo somo lake la kwanza, kusuka baadaye.

"Kachomoe kwanza," nikamwambia.

"Umeme haupo, mwanamke! Unachomoa nini?"

"Kachomoe. Au ngoja nikachomoe mwenyewe."

"Na hayo matope? Usinikanyagie zulia, mama yuko njiani." Akaguna, akaingia ndani. Nikaipindua mashine ubavu, nikachuchumaa. Lile fundo la mpira nililijaribu kwa kucha, halikulegea. Nikasubiri.

"Nimechomoa!" akapaza sauti kutoka sebuleni.

Sasa nisikilize vizuri. Kabla ya hiyo sauti nililisikia kochi. Kochi letu lina springi mbovu, mtu akikaa linalia. Nililisikia likilia, na kutoka mlangoni hadi kwenye kochi hupiti kwenye kabati la televisheni. Nilisikia na nikapeleka mkono. Kwa nini? Kwa sababu mume wangu aliniambia amechomoa. Mumeo akikwambia amechomoa, wewe unainuka kwenda kukagua?

Nilikuwa nimeshatoa bonge moja la nyasi, naingiza vidole kuvuta la pili.

"Umerudiii!" Mtaa mzima. Unajua watoto wanavyoshangilia umeme ukirudi, na watu wazima wanavyojifanya hawashangilii huku wanashangilia. Na mimi nikapiga kelele, tena kuliko wote, na jirani wa ng'ambo ya ukuta akanijibu kwa furaha, "Umerudi, mama, umerudi!" Ndani nikasikia televisheni imewaka. Nikamsikia na Meneja. "Ahaa!" akasema, kisha akabadilisha stesheni.

Alitoka nilipoita mara ya tatu. Akasimama, akaona. Haya, nikuulize wewe: mkeo yuko chini, nyasi zimekuwa nyekundu, mashine bado inanguruma pembeni yake, unafanya nini kwanza? Meneja alikimbia ndani akachomoa. Hapo sawa. Akarudi na kisu cha jikoni. Mimi nikadhani anataka kunichania kitambaa cha kufungia mkono. Kumbe anakwenda kwenye mpini. Akaukata ule mpira, akautia mfukoni, ndipo akanigeukia. "Pole, mke wangu," akasema.

Hospitali alinishika bega njia nzima. Daktari akauliza imekuwaje. Meneja akatikisa kichwa kwa huzuni. "Nilimwambia achomoe kwanza."

Nilimwambia achomoe kwanza! Maneno yangu, yalitoka kwenye kinywa changu, ameyaokota ameyavaa yamemkaa vizuri kuliko koti. Muuguzi akanitazama kwa jicho la kumtazama mtoto aliyechezea moto. Mama mkwe alipofika hakuuliza hata kama naumwa. "Mbishi," akasema. "Tangu siku ya kwanza nilimwona ni mbishi. Pole, mwanangu." Mwanangu hapo si mimi. Majirani walikuja na matunda, wakampa pole Meneja, kwamba atapata shida sasa, mke wa namna hii, nani atamfulia.

Mimi nilinyamaza. Wakasema nimepatwa na mshtuko. Nilikuwa nafikiri.

Niliporudi saluni nilifunga mlango, nikachukua kile kichwa cha plastiki tunachofundishia, nikajaribu msuko mmoja. Mmoja tu, wa nyuma, ambao zamani ningeusuka nimesinzia. Nywele zilinitoka, nikashika tena, zikatoka. Nikajaribu kwa kushoto, nikajaribu kwa meno. Nililia siku hiyo, sikufichi. Sikulia kwa maumivu. Nililia kwa hasira mpaka kamasi zikanidondokea kwenye kichwa cha plastiki. Bibi harusi wangu alisukwa na mtu mwingine, na nasikia alipendeza.

Nikarudi nyumbani, nikaingia chumbani, nikapekua suruali ya Jumamosi ile. Nguo kweli hazikuwa na wa kuzifua. Mpira ulikuwemo, na nyasi zimeukaukia. Nikaenda nao sebuleni, nikaulaza kwenye mkono wa kochi, nikazima televisheni.

"Nilikusikia ukikaa," nikamwambia.

Hakuuliza kukaa wapi. Hapo ndipo nilipojua kwamba alijua.

"Chagua," nikasema. "Ama nakwenda kituoni kueleza, na mama yako nimchukue akasikilize. Ama kuanzia sasa unakata nyasi wewe, kila Jumamosi. Utafunga huu mpira vilevile ulivyofunga. Ukimaliza, utasafisha kisu kwa mkono. Si kwa kijiti, kwa mkono. Plagi haikuhusu. Ya kuchomoa na kuchomeka, niachie mimi."

Akacheka. Alipoona sicheki akaacha. Akazungumzia mgongo, nikamwambia mgongo utazoea. Akasema hizo si akili, ni hatari. Nikamwambia, "Umeanza kusoma kijitabu?" Polisi angeweza kuhangaika nao, hilo naamini. Ila kusimama mbele ya mama yake aambiwe kwamba yule aliyebisha ni yeye, hapana. Alichagua nyasi.

Kwa hiyo Jumamosi zetu ziko hivi. Yeye uwanjani, mimi ndani, mlango nimefunga komeo. Nakaa kwenye kochi lilelile. Akimaliza kukata, nachomoa, naiweka plagi mapajani. Namsikia anaipindua mashine. Halafu anaita, na siku hizi sauti yake ni laini, ungemsikia usingemjua.

"Mke wangu? Umechomoa?"

Simjibu. Najisogeza kwanza, springi zilie, azisikie. Naangalia kucha zangu, zile zilizopo.

"Nimechomoa!" naitikia, kwa sauti yake ileile.

Halafu namchungulia pembeni ya pazia. Mkono unakwenda, unarudi. Unakwenda tena, vidole vimekunjwa kama vya mtu anayetoa kitu kwenye mdomo wa mbwa. Jasho linamtiririka asubuhi na baridi yote. Majirani wakipita wanamsifu: Meneja siku hizi anamsaidia mkewe, mwanaume wa kweli huyo.

Na mimi nimechomoa. Kila Jumamosi nimechomoa, plagi nimeishika, sijawahi hata kuwaza vingine, au nimewaza lakini sijafanya. Ila yeye hajui. Jumamosi iliyopita haimwambii chochote kuhusu hii ya leo.

Juzi umeme ukakatika katikati ya kukata. Mashine kimya, redio ya jirani kimya. Nikachomoa. Nadhani kule nje alikuwa anauombea usirudi tena maisha yake yote.

"Mke wangu? Si... si umechomoa?"

Nikalikalia kochi kwa uzito wangu wote. "Nimechomoa!"

Mkono wake ulikuwa ndani mpaka kifundoni mtaa uliposhangilia. "Umerudiii!" Televisheni ikawaka yenyewe. Meneja alipiga yowe ambalo sijawahi kulisikia kwa mwanaume, akaanguka chali, mkono ameukumbatia kifuani. Nikatoka taratibu. Alikuwa amekaa kwenye nyasi, anavihesabu vidole vyake kimojakimoja kwa sauti, na suruali imelowa, na siku hiyo mvua haikuwa imenyesha. Vidole vilikuwepo vyote.

"Kulikoni, Meneja?" nikamuuliza. Plagi ilikuwa inaning'inia mkononi mwangu. "Bado upande mmoja haujasafishwa."

Akaniangalia machozi yakimtoka. Nilikuwa nimelisubiri hilo jicho, na lilinifurahisha, nisikudanganye.

"Mke wangu," akasema, "hivi hii itaisha lini?"

Nikainua mkono wangu wa kulia, nikausogeza karibu na uso wake ili auone vizuri.

"Vikiota," nikamwambia. "Vikiota nitakuita uje uone. Haya, safisha."