Makobazi ya Baba Mkwe

Kobazi la kushoto lilikuwa limeanza kuburuta. La kulia lilikanyaga tope vizuri, meno yote ya tairi yakionekana, lakini la kushoto lilikuwa limeacha mfereji mwembamba, kama mtu aliyepitisha kidole kwenye ugali wa moto. Niliinama nikaangalia tena. Mvua ya Aprili ilikuwa imenyesha usiku kucha pale Ipyana, kwa hiyo alama zilikuwa mbichi kabisa. Nilisimama katikati ya mikokoa na raba zangu miguuni, jasho halijanitoka bado.

Aliyepita pale alikuwa baba mkwe wangu. Na katika watu wote wa nyumba ile, mimi ndiye nisiyetakiwa kabisa kumwangalia.

Kwetu Wanyakyusa mke hukaa mbali na baba mkwe wake. Tunasema ukutila, kuogopa, ingawa si woga ule wa kumwogopa nyoka. Humtazami usoni, huli naye, humpi mkono, na jina lake hulitamki. Mkikutana njiani, wewe ndiye unayeingia kwenye migomba, unageuza mgongo, unajifunika kanga mpaka apite. Wengi siku hizi wameacha, hasa waliohamia Mbeya na Dar. Nyumba yetu haikuacha. Tangu Hezroni anioe, nilikuwa namjua baba yake kwa kikohozi chake na kwa mgongo wa koti lake la kanisani.

Shida ilianzia zahanati. Nilipimwa nikakutwa na sukari, na haukupita muda naye akakutwa na presha. Nesi Neema, mcheshi yule asiyejua kununa, alitupa masharti yaleyale kila mtu kwa wakati wake: chumvi tupunguze, soda tuache, tutembee kila asubuhi, na turukeruke kidogo mwili uchangamke. Fatu, rafiki yangu mwenye duka la vitenge Kyela mjini, nilipomweleza alicheka mpaka akashika mbavu.

"Sukari ya chai umeipenda miaka yote, shoga yangu, leo hii ya kwenye damu ndiyo unaililia?" Kisha akaingia ndani akaniletea raba zake. "Vaa. Ila ukiwa na kiuno chembamba kuliko changu, nazitaka."

Lakini njia ya kutembelea ilikuwa moja tu. Inatoka nyumbani, inapita kwenye mikokoa, inazunguka majaruba ya mpunga, halafu inarudi kwa upande wa mto. Mama mkwe akakata shauri. Mzee atatangulia alfajiri, mimi nitatoka kukishapambazuka, yeye akiwa ameshafika mbali.

"Na usikimbie," alinionya. "Usije ukamfikia."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kumfahamu. Nilijua mahali anaposimama kukagua kokoa zilizooza. Nilijua kwamba madimbwi hayazunguki, anayaruka, mzee wa kanisa mzima! Na siku moja, nyuma ya mkokoa mkubwa, pale ambapo mpita njia hawezi kumwona mtu, nilikuta tope limepondwapondwa, visigino viwili vimetua pamoja, vikatua tena palepale. Ilinichukua muda kuelewa. Alikuwa anarukaruka kama Nesi Neema alivyoagiza, na alikuwa anajificha asionekane. Nilicheka peke yangu hadi machozi. Kisha nikaweka raba zangu juu ya alama zake nikaruka na mimi.

Kumbe naye alikuwa anazisoma zangu. Niliteleza siku moja kwenye mtaro wa majaruba, nikaacha chapa ya makalio isiyo na ubishi. Kesho yake mtaro ulikuwa na ubao juu yake, umeshikiliwa na vigingi huku na huku. Nilipita juu ya ubao ule nikasema "ndaga" kwa sauti, kuwashukuru mpunga na vyura, kwa kuwa mwenyewe sikuweza kumshukuru. Nilikuwa na furaha siku zile. Nguo zilianza kunipwaya, na jioni nililala mapema ili asubuhi ifike.

Ndiyo maana mguu ule ulipoanza kuburuta nililiona jambo kabla ya mtu mwingine yeyote, na kuona peke yako ni mzigo.

Nilimwendea mama mkwe jikoni, akimenya ndizi. "Mama, makobazi ya baba yamechakaa? La kushoto linaburuta."

Kisu kikasimama. "Gwe Tusajigwe, tangu lini mkwe akaangalia miguu ya mkwewe?"

"Naangalia njia, mama."

"Basi iangalie njia."

Nilimpigia Hezroni, ambaye hufanya kazi mpakani Kasumulu. Akasema baba yake ana nguvu kuliko yeye, jana tu wameongea na kutaniana. Kwenye simu miguu haionekani. Nikaenda kwa Nesi Neema, na kwa mara ya kwanza nikamwona amekunja uso. "Upande mmoja tu? Mwambie aje leo, asingoje kesho." Nimwambie kwa mdomo upi? Nikarudi kwa mama mkwe nikampigia magoti, na safari hii alinisikiliza, akamfikishia mzee ujumbe. Jibu lilikuja kwamba ni baridi ya mvua, na mvua zikipungua atakwenda.

Mvua hazikupungua. Mto ulipanda mpaka ukawa unasikika kutoka kitandani, na maji ya mtaro yakawa mekundu, yakienda mbio. Pembeni ya makobazi pakaanza kuonekana tundu la fimbo. Nyuma ya mkokoa mkubwa tope lilikuwa laini, hakuna aliyelikanyaga. Kila asubuhi nilitoka mapema kidogo kuliko jana yake, mama mkwe akiniona asinizuie, na kila asubuhi mfereji ule ulikuwa mrefu zaidi.

Siku yenyewe nilitoka kabla hakujapambazuka vizuri. Alama zilikuwa zinayumba, zinakwenda kwenye migomba na kurudi njiani. Kwenye mfereji wa mguu wa kushoto maji yalikuwa bado yanajaa, maana yake alikuwa amepita muda uleule. Nikasahau onyo la mama mkwe. Nikakimbia.

Fimbo ilikuwa imelala juu ya ubao. Yeye alikuwa chini, ndani ya mtaro, maji yamemfika kifuani, mkono wa kulia umeng'ang'ania ubao alioniwekea mimi.

Akili yangu ilijua la kufanya. Mwili ukafanya ulilofundishwa: nikageuza mgongo, nikavuta kanga kichwani, nikasimama pale kama bibi harusi. Nyuma yangu maji yakagugumia. Ndipo nikageuka.

Hiyo ndiyo mara ya kwanza nilipouona uso wa baba mkwe wangu. Mdomo ulikuwa umeangukia upande mmoja. Aliniona ninamwona, na mkono ule mmoja uliobaki mzima, ule uliokuwa umemshikilia, ukauachia ubao ili ajifunike uso.

Akazama.

Niliruka mtaroni na raba za Fatu. Nikampata kwapani, nikainua kichwa chake juu ya maji, na hapo nguvu zikaniishia. Sikuweza kumtoa, wala kumwachia. Nikapiga kelele. Lakini mpunga ulikuwa umeanza kutoa masuke, na majarubani kote watu walikuwa wanapiga kelele zilezile, uwii, uwii, wakifukuza ndege. Sauti yangu ikaingia katikati ya zao ikapotea. Maji yalikuwa yanapanda. Nilisikia moyo wake unadunda kifuani kwangu, hovyohovyo, na nikajua kuna kelele moja tu ambayo haiwezi kuchanganywa na ya ndege.

"Anyosisye!" nikaita. "Anyosisye! Anyosisye weee!"

Majaruba yakanyamaza. Sauti yangu waliijua, na jina la mkwe wangu walilijua, na walijua kwamba viwili hivyo havikai pamoja. Kisha nikasikia miguu inakuja, mingi, inapiga maji kutoka kila upande.

Aliishi. Mkono wa kushoto unaning'inia na maneno hayakurudi yote, lakini aliishi. Mama mkwe hakunilaumu. Alichinja kuku, akawaita wazee wa ukoo, wakala wakasema ya mwiko yamekwisha. Walipoondoka alinikuta nikiosha sahani, akasimama karibu nami. "Nilikusikia hadi huku jikoni," alisema. Akachukua sahani moja akaanza kuifuta. Fatu alinisamehe raba zake, ingawa mpaka leo ananidai kiuno.

Sasa natangulia mimi. Nesi Neema alisema lazima mzee atembee, na mzee mwenyewe ndiye aliyeamua utaratibu, akininyooshea njia kwa fimbo huku ametazama pembeni. Heshima yetu imerudi mahali pake, ila umbali tumeupunguza. Ninakwenda polepole mbele, kanga kichwani, na nyuma yangu nasikia fimbo, kobazi la kulia, kisha la kushoto likiburuta. Sigeuki kamwe. Sauti ile ikikoma nasimama, natazama mpunga, nasubiri ianze tena, na hapo katikati huwa sipumui. Mvua za mwaka huu nazo zimeanza.

Leo asubuhi ilikoma tulipofika kwenye mikokoa, ikakawia. Nikangoja. Mto ulikuwa unanguruma, na jina lilikuwa limeshanifika mdomoni. Ndipo nikasikia, kutoka nyuma ya ule mkokoa mkubwa, kitu kizito kinatua kwenye tope. Kikanyamaza. Kikatua tena.

Sikugeuka. Niliruka na mimi.