Mdhamini wa Sitati

Maneno yalimfikia Nekoye akiwa ameinamisha kichwa kwenye beseni la msusi: Sitati, mume wake, ameonekana Gilgil akishuka kwenye gari la Edinah, na Edinah amemshika mkono.

"Mimi sisemi kitu," Cheruto msusi alisema huku akisugua povu. "Lakini mkono, dada. Si wa salamu. Mkono wa kushikwa."

Nekoye alicheka kama mtu asiyejali, akarudi nyumbani Lanet nywele zikiwa bado mbichi. Nekoye alimjua Edinah. Ndiye mwenye buchari ya nyama kule Kikopey ambako Sitati alikuwa mchomaji, mjane wa kucha nyekundu, mwenye sauti ya kusimamisha malori. Tangu siku hiyo ule mkono haukumtoka. Akisonga ugali anauona. Kanisani wakisimama kuimba anauona. Harufu ya moshi kwenye shati la Sitati, ambayo miaka yote ilikuwa harufu ya kazi tu, sasa aliinusa akitafuta marashi ndani yake. Na kulikuwa na jambo lililomchoma kuliko yote: Sitati alikuwa amezoea kumpa mgongo kitandani.

"Huyu amekula mahali," alijiambia. "Ndio maana hana njaa nyumbani."

Binti yao Nangila alikuwa anasomea kompyuta Nakuru mjini. Yeye na wenzake walikuwa wanaunda brauza mpya, ile programu mtu anafungua kwa simu akitaka kuingia mtandaoni. Hii yao ilifikiriwa kwa nyumba kama yao, yenye simu kubwa moja na watu wengi wa kuishika. Kila mtu alipewa chumba chake humo ndani. Anaingia kwa jina analolitaka, anafunga kwa namba yake ya siri, na anachosoma huko hakijulikani na wenye matangazo wala na mtu anayekula naye meza moja. Watu wa kwanza kuijaribu walikuwa baba na mama yake.

Nangila alipokuja nyumbani, Nekoye alimvuta jikoni.

"Baba yako anaficha nini kwa hicho chumba chake?"

"Mum, sijui. Hata sisi tulioijenga hatuwezi kuona. Hiyo ndiyo kazi yenyewe."

"Wee Nangila! Nimekubeba mgongoni, leo unaniambia huwezi kunifungulia mlango mmoja?"

"Siwezi. Na hata ningeweza, singekufungulia. Si umuulize tu?"

"Nimuulize aje? Niaje Baba Nangila, yuko mwingine?"

Nangila aliangua kicheko. "Mathe, usijaribu Sheng tena." Kisha akaacha kucheka, maana mama yake hakuwa anacheka.

Hata hivyo njia ilikuwepo, na Nekoye aliijua. Mtu akisahau namba yake, watu wawili aliowachagua mwenyewe huulizwa kwa meseji kama kweli ni yeye. Wakijibu ndiyo, anaweka namba mpya. Nangila alilipata wazo hilo kwenye ofisi ya chifu, ambako asiye na kitambulisho husimamiwa na wanaomjua. Watu hao wawili aliwapa jina la wadhamini. Siku ya kuchagua, Sitati alimtaja mkewe kabla binti hajamaliza kuuliza, halafu akamtaja ndugu yake Maxwel. Mwanamke mwingine angeona hiyo ni heshima. Nekoye, kwa vile wivu ulikuwa umemjaa hadi shingoni, aliona tu kwamba nusu ya ufunguo iko mkononi mwake.

Sitati alipoenda kazini akaacha simu kubwa ikichajiwa, Nekoye alibonyeza palipoandikwa *Nimesahau namba*. Kisha akachukua kabambe yake, simu ndogo ya vibonyezo, akampigia Maxwel.

"Shemeji, ndugu yako amesahau namba. Ukiona meseji, jibu ndiyo."

"Kichwa chake kimejaa moshi!" Maxwel akacheka. "Hebu mpe simu nimtanie."

"Ako bafuni."

Maxwel akajibu ndiyo. Nekoye akajibu ndiyo. Akaweka namba mpya, na chumba kikafunguka.

Alimtafuta Edinah kila kona na hakumpata. Alichokuta ni maswali. *Sukari huisha? Miguu kufa ganzi. Mwanamume mwenye sukari kushindwa kitandani.* Na la mwisho: *Nitamwambiaje mke wangu asinidharau.*

Ungedhani atalia. Alicheka. Alishika kifua akazunguka meza. Hakuna mwanamke! Na furaha hiyo, kwa kuwa ilizaliwa na wivu, haikutosheka kukaa nyumbani. Ilitaka kushinda. Alijifunga leso, akaenda moja kwa moja hadi kwa Cheruto, na wateja walikuwa wamejaa.

"Sasa sikia, na umwambie aliyekuambia. Bwana yangu hana mwanamke. Ana sukari. Hata akitaka, hawezi!"

"Pole, dada," mmoja akasema, akiuma mdomo ili asicheke.

Haikupita wiki, maneno yakafika Kikopey asubuhi moja kabla ya mbuzi kuiva. Wachomaji wenzake walimwekea Sitati sahani ya figo. "Boss, kula hizi, injini iwake!" Edinah alipiga meza kwa ubapa wa kisu, akasema anayecheka atafute jiko lingine.

Sitati alirudi nyumbani mchana. Alichukua simu, akaweka namba yake, ikakataa. Akarudia, ikakataa. Akampigia Maxwel, wakaongea kidogo tu. Halafu akakaa.

"Mama Nangila, ungeniuliza."

"Ningekuuliza, ungeniambia?"

"Sijui. Lakini ningejua umeniuliza."

Nekoye hakukubali kushindwa. "Na Edinah? Mkono wa Gilgil?"

"Nilianguka jikoni kule kazini. Akanipeleka hospitali Gilgil, akanishika nisianguke tena." Alikuwa anasugua goti lake. "Tangu siku hiyo anajua, na hakuna mtu amemsikia akilisema."

Hayo yalimchoma Nekoye kuliko uzinzi wowote aliouwaza. Mwanamke yule hakuwa amemchukulia mume. Alikuwa amemtunzia siri, kazi ambayo ilikuwa ya mke.

Nangila alipokuja, Sitati alimwomba aketi karibu.

"Nionyeshe vile natoa jina la mama yako."

Nangila alimtazama mama yake, akatazama chini. "Na niweke nani, baba?"

"Weka Edinah."

Nekoye alikuwa na mwiko mkononi. Alitaka kupiga kelele hadi majirani waje, lakini angewaambia nini? Kabambe ikalia mezani. *Wewe si mdhamini wa Sitati tena.*

Kwa hivyo, mama wa nyumba yenye simu kubwa moja, epuka haya:

Kufungua simu ya mwenzako akiwa hayuko.

Kusema amesahau na hajasahau.

Kumbana mtoto akupe njia ya kumchungulia baba yake.

Kumtumia shemeji kwa uongo.

Kukimbiza mkono ambao wewe mwenyewe hukuuona.

Kusafisha jina lako kwa ugonjwa wa mume.

Saluni, ukiwa na furaha.