Muhuri Kwenye Ubao wa Mtaa

Mtaa wa Bibi Fumiyo, bondeni kule walikokuwa wakifuga viwavi wa hariri, una nyumba ishirini na tisa na ubao mmoja. Ubao wenyewe ni wa plastiki, umebana matangazo: siku ya takataka, siku ya kung'oa magugu mtaroni, nani kafiwa. Hupita nyumba hadi nyumba. Ukikufikia, unapiga muhuri wako mwekundu kuonyesha umeona, kisha unampelekea jirani. Bibi Fumiyo, mwenye miaka sabini na minane na goti moja bovu, alikuwa akiupiga muhuri huo tangu alipoolewa, na tuseme ukweli, hakuwa akisoma. Nani asome habari za magugu miaka hamsini?

Hapo ndipo alipojiponza.

Jumanne ilikuja barua ya Mizuho, mjukuu wake wa miaka kumi na saba. Mwaka na nusu sasa msichana huyo alikuwa shule ya maadilisho, kwa kuchoma banda la baiskeli la shule yao. Mlinzi aliungua mikono. Majirani walijua yuko Osaka anasomea uuguzi, kwa kuwa Bibi mwenyewe ndiye aliyewaambia.

Barua ilianza kama ilivyo desturi yao wawili. "Kitendawili, Bibi. Ana pa kutokea, hana pa kuingia. Usiseme kifaranga aliyemo ndani ya yai, hicho ulinitegea nikiwa darasa la pili." Jibu alilificha chini kabisa: "Ni mimi."

Mwezi wa tatu angetoka. Kukaa kwa Bibi, wakuu wa shule walikataa, eti mlezi ni mzee mno. Lakini kulikuwa na nyumba ya wasichana sita, yenye walezi wake, iliyotarajiwa kufunguliwa ili wakae mwaka mmoja wakifanya kazi na kuizoea dunia. Ingekuwa mtaa huohuo wa Bibi, kwenye bweni la zamani la kiwanda cha hariri, manispaa wakikubali. Wasipokubali, Mizuho angepelekwa kaskazini, mbali, asikojua mtu.

Bibi alifurahi mpaka akasahau goti. Kisha akaukumbuka ubao wa wiki iliyopita. Ulikuwa mnene kuliko kawaida.

Alijikokota hadi kwa Bwana Isogai, mwenyekiti wa mtaa, akaomba kuona nakala. Ilisema wakazi wote, kwa mihuri yao, wanapinga bweni kubadilishwa matumizi, kwa kuwa eneo limetengwa kwa nyumba za kuishi, na hiyo si nyumba ya kuishi. Chini kulikuwa na mihuri ishirini na tisa. Wa kwake ulikuwa umenyooka kuliko yote.

Akasema alidhani ni magugu. Isogai akacheka, akamwambia siku moja atauza nyumba bila kujua. Anayetaka kufuta muhuri wake, akaeleza, aje Jumamosi kikaoni, afute kwa mkono wake mbele ya ofisa wa manispaa na atoe sababu. Kisha akamwuliza kwa upole, sababu yake ni ipi. Bibi akasema goti linamsumbua, akarudi nyumbani.

Siku tatu alipiga hesabu. Akisema, Mizuho atajulikana kabla hajafika. Akinyamaza, hatafika kabisa.

Jumamosi ukumbi ulijaa. Watu walizungumzia watoto wao, na milango yao isiyojua kufuli. Hawakuwa watu wabaya, na hilo ndilo lililomuuma. Hata Bi Hanabusa alisimama, jirani wa ukuta kwa ukuta, anayemletea figili za chumvi kila baridi. Alisema amesikia mmoja wa hao wasichana ni mchoma moto. Mume wake hatoki kitandani. Moto ukizuka, nani atambeba?

Bibi akainuka, ameshika kiti cha mbele.

"Huyo mchoma moto ni Mizuho wangu."

Isogai akamgeukia. "Bibi, si ulituambia yuko Osaka?"

"Niliwadanganya. Lakini nanyi mmeandika si nyumba ya kuishi. Watalala humo, watapika, wataanika nguo. Sasa hiyo tuiiteje, ghala?"

Mtu wa nyuma akasema basi akae naye kwake.

"Wangenipa, ningekuwa nimekuja hapa kufanya nini?"

Ofisa, kijana wa miwani, akaileta karatasi. Ilitakiwa mistari miwili juu ya jina, na muhuri uleule juu ya mistari. Akaupiga muhuri, ukakaa upande. Mihuri ishirini na minane ikabaki. Uamuzi, akasema ofisa, ni mwisho wa mwezi.

Wiki iliyofuata ubao haukumfikia. Siku ya takataka ilikuwa imebadilishwa, naye hakujua. Mfuko wake ukarudishwa mlangoni, umebandikwa karatasi nyekundu.

Wiki ya pili alikuja Bi Hanabusa, ubao kifuani, bila figili.

"Dada, muhuri wangu sijaufuta. Usije ukanifikiria vingine."

"Sijakufikiria."

"Yule mlinzi, mikono ilipona?"

"Mmoja."

Hanabusa akautoa ubao kifuani. Akasema ni zamu ya nyumba hii, na yeye si mtu wa kuruka nyumba ya mwenzake. Akaukabidhi, akaondoka.

Bibi aliketi, akavaa miwani. Akaanza na habari za magugu, mstari kwa mstari hadi mwisho, muhuri ukimngoja mezani kando ya barua ya Mizuho, ambayo bado hakujua aijibu vipi.