Salio la Mkopo na Macho ya Cheche

Chuo kilipokwisha kukata ada, mkopo wa Kitinda ulibakiza salio, nalo likaingia kwenye akaunti yake bila hata kubisha hodi. Mwenzake wa chumbani, binti mwenye mdomo kama cherehani, alilimaliza la kwake lote kabla ya chai kupoa: simu mpya, viatu, nywele.

"Ujana ni moshi, shoga yangu. Ukienda haurudi."

"Na deni je? Hilo nitalilipa mpaka niote mvi," Kitinda akamjibu.

Pale ofisi ya mikopo walimweleza vizuri: asichokihitaji akirudishe, deni litapungua. Akampigia simu kaka yake.

Kaka huyo alikuwa fundi wa kuchomelea mageti na madirisha, na mtaa mzima ulimwita Cheche. Wazazi wao walipofariki, ndiye aliyeacha shule ili mdogo wake asiache.

"Rudisha yote," alisema papo hapo. "Kukopa harusi, kulipa matanga."

"Sawa, kaka. Mbona sauti yako hivyo?"

"Vumbi tu, mdogo wangu."

Jumamosi Kitinda akaenda nyumbani kuliona hilo vumbi. Akamkuta kaka yake kajilaza mkekani, kitambaa chenye maji kimemfunika macho.

"Kachomelea geti la watu kutwa nzima, kavaa miwani ya jua!" wifi yake akasema. "Sasa anadai macho yamejaa mchanga. Na si mara ya kwanza. Nimesema mpaka ulimi umeota sugu."

"Wifi yako anapenda kukuza mambo," Cheche akanung'unika. Akanyoosha mkono amshike mdogo wake bega, akamshika sikio. Wote watatu wakacheka.

Aliporudi chuoni, akatenga pesa ya chakula na vitabu. Kisha akaingia duka la vifaa vya ujenzi, akanunua kinga ya uso ya mafundi wa kuchomelea, ile yenye kioo cheusi. Pesa zilizobaki akazirudisha ofisi ya mikopo, akatoka pale akijihisi mwepesi.

Wiki iliyofuata akampelekea. Cheche, macho yakiwa yamepoa, aliigeuza ile kinga mikononi, uso umekunjamana.

"Nilikwambia urudishe yote."

"Nimerudisha iliyozidi. Hii haikuzidi."

"Deni ni lako, macho ni yangu. Vinahusiana nini?"

"Na ulipoacha shule, kaka, shule ilikuwa ya nani?"

Wifi aliinamia chungu akakoroga kwa bidii, ingawa moto ulikuwa haujawashwa.

"Nitafanana na kinyago," Cheche akasema mwishowe, sauti imelainika.

"Bora kinyago kinachoona," mkewe akadakia.

Cheche akaivaa. Akatoka uani kwenye dirisha aliloliacha nusu, akaanza kazi. Mara akasimama ghafla, Kitinda akadhani kaungua.

"Kuna nini, kaka?"

"Njoo." Akaivua, akamvika yeye, akamkaza mkanda kisogoni polepole, kama alivyokuwa akimfunga vifungo vya sare zamani. "Miaka yote hii nachomelea kwa kukisia. Nagusisha waya wa kuchomelea, natazama pembeni. Sijawahi kuona chuma kikiungana. Hebu tazama."

"Na wewe?"

"Nafumba. Kidogo tu."

"Fumba kweli!" wifi akapiga kelele kutoka mlangoni.

Cheche akafumba macho, akagusisha. Nyuma ya kile kioo cheusi Kitinda aliona tone jekundu likitetemeka, likitambaa polepole kama asali, vipande viwili vikawa kimoja.

"Umeona?" kaka yake akauliza, macho bado kayafumba, anatabasamu kama mtoto.

"Nimeona."

"Inapendeza, eh? Haya, nirudishie. Zamu yangu."