Sindano ya Mzee Mwijage

Mwaka 1957 Kokushubila alikuwa nesi katika hospitali moja ndogo upande wa Muleba. Asubuhi moja, daktari akiwa amekwenda Bukoba mjini, aliletwa kwa machela Mzee Mwijage, mkulima wa kahawa, miguu imevimba na pumzi haimtoshi. Wodi ilikuwa mikononi mwa mganga msaidizi, Rweyemamu.

Rweyemamu alikuja akitafuna senene wa kukaanga. Alijifuta mafuta kwenye koti lake jeupe, akavunja kichupa cha dawa ya moyo kwa vidole vilevile, akaivuta yote kwenye bomba la sindano. Kokushubila aliinama kando ya machela, akahesabu mapigo ya mzee.

"Tata, nyumbani unameza dawa gani?" alimwuliza mgonjwa, akimwita baba kwa Kihaya.

Mzee alihema tu, akitafuta pumzi. Mkewe, Jovita, alifungua fundo la kanga akatoa vidonge vidogo vyeupe. "Alipewa kwenye zahanati ya Kanazi. Kimoja kila siku. Leo amemeza vitatu, apone haraka."

Kokushubila alivitambua, akamwomba Jovita asubiri nje. "Bwana Rweyemamu, hii ndiyo dawa uliyonayo kwenye bomba. Na mapigo yake ni arobaini na nane tu. Ukimwongezea, moyo utasimama."

"Vidonge ni vidonge, sindano ni sindano. Unanifundisha kazi?"

Dawa hiyo daktari huichanganya na maji ya chumvi, na kuisukuma kwa dakika kumi huku akitazama saa. Rweyemamu aliisukuma bila kuichanganya, kama anayepiga pampu ya baiskeli. Nusu haijaingia, mzee alitapika, macho yakamgeuka. Kokushubila alimsukuma Rweyemamu kwa bega, akachomoa sindano.

"Ameniharibia viatu!" Rweyemamu alisema, akatoka kwenda kuvifuta.

Kokushubila alibaki ameshika kifundo cha mkono wa mzee. Pigo moja, kimya, pigo jingine. Hakuondoka pale hadi jioni, mapigo yaliporudi kufuatana. Ndipo alipofungua faili akakuta Rweyemamu ameandika: *Dawa imetolewa polepole. Mgonjwa anaendelea vizuri.* Aliona kinyaa hata kuigusa karatasi ile. Chini yake aliandika ukweli, saa na kipimo.

Kesho yake Jovita alikuja na mkungu wa ndizi, akautua mbele ya Rweyemamu, akapiga magoti.

"Asante, Bwana Mganga. Umeniokolea mume."

Rweyemamu alitabasamu, akainama kuuchukua.

"Mama, usimpe," Kokushubila alisema. "Huyu nusura amuue." Akamweleza yote, palepale, wagonjwa wakisikia.

Jovita aliinuka. Kisha akajitwika mkungu wake, akaupeleka jikoni kwa wagonjwa.

Daktari aliporudi alisoma faili, akaagiza kuanzia siku ile watu wawili wasome kipimo pamoja, mgonjwa aulizwe dawa za nyumbani, na mapigo yahesabiwe kabla ya sindano. Mzee Mwijage alirudi kwake akitembea mwenyewe. Rweyemamu alihamishiwa hospitali nyingine, na barua ya uhamisho, aliyoipiga chapa karani mbele ya Kokushubila, ilimsifu kwa uangalifu wake kazini.

Kokushubila alitoka nje, akatema mate.